Mdogo wangu ana limfoma, ameombwa damu na uboho wa utafiti, asaini ama akatae?

BintiUmoja
Wadau habari zenu, naombeni ushauri na mwenye anaelewa hii mambo tafadhali asinipite. Mdogo wangu ana miaka 26, ilianza na uvimbe shingoni tukadhani ni tezi tu, akapewa antibiotiki, akapewa ingine, uvimbe haushuki, mwishowe biopsi ikasema limfoma ya seli B, yaani saratani ya seli za kinga, ile inayokua haraka. Kemo inaanza wiki ijayo. Sasa juzi tukiwa kliniki akaja dada mmoja mpole sana wa utafiti na fomu ndefu, anaeleza wanataka kufuatilia kinga yake ya mwili kabla ya kemo, katikati na baada ya kumaliza. Wanataka damu kila akija, na uboho wa mfupa wa nyonga. Mwenyewe yuko tayari, anasema kama itasaidia mwingine sawa. Mama amekataa katakata, ati mtoto hana damu na bado wanataka kumnyonya hiyo kidogo, na watu wetu ndio hugeuzwa panya wa maabara kila siku. Mimi niko katikati. Tukikataa si daktari atatuweka nyuma? Na hiyo kemo yenyewe ndio ya majaribio ama?

Labu_Mtaani
Pole dada, na umpe mama pole pia, hofu yake si ya bure. Mimi ni mtu wa maabara hapa Nairobi. Soma kichwa cha fomu na ukurasa wa kwanza, pale ndio utajua kama ni utafiti wa dawa ama wa sampuli peke yake. Vile umeeleza naona ni wa sampuli, yaani kemo yake itabaki ileile angepewa hata kama hakuna utafiti, hawambadilishii kitu. Ingekuwa ni dawa mpya ningekwambia uulize mengine mazito zaidi, kama PPB, ile bodi ya serikali ya dawa, wameidhinisha, kama kuna kundi la plasebo, yaani dawa bandia, na utafiti ukiisha nani atamnunulia dawa aendelee.

Ya damu, chupa moja ya kifuniko cha zambarau huwa na kama mililita 4. Hata wakijaza chupa tano ni mililita 20, na mtu akienda kutoa damu ya msaada hutolewa 450. Mtu mzima ana karibu lita 5. Lakini kama hemoglobini yake iko chini sana ana haki ya kuwaambia leo hapana, na mtafiti mzuri ataangalia hiyo mwenyewe kabla ya kushika sindano.

MamaK_Kayole
Mimi nasema msisaini. Shangazi yangu alichukuliwa sampuli hospitali moja sitaitaja, fomu ilikuwa ya Kiingereza yote na yeye Kiingereza hajui, akaonyeshwa tu mahali pa kuweka kidole. Hadi leo hatujawahi ambiwa waliona nini. Tulipiga ile namba mpaka tukachoka. Mtu ni mgonjwa, anatoa kitu cha mwili wake, halafu hata ahsante hakuna.

Mzee_Dagoretti
MamaK nakuelewa na hiyo mlifanyiwa vibaya. Lakini wacha niongee kama mgonjwa. Mimi niko na leukemia, saratani ya damu, ile ya polepole inaitwa CML. Nameza kidonge mara moja kwa siku baada ya chakula na naenda kazini. Hicho kidonge hakikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1960 watu wawili kule Philadelphia, Nowell na Hungerford, waliona kromosomu, ule uzi wa urithi ndani ya seli, moja fupi isiyo ya kawaida kwa damu ya wagonjwa kama mimi. 1973 mama mmoja, Janet Rowley, akagundua ni kipande cha kromosomu ya 9 na cha 22 vimebadilishana mahali. Ndio ikajulikana ule muungano unatoa protini inayoamrisha seli nyeupe zizaane bila kusimama. Dawa ya kuziba hiyo protini, imatinib, ikaanza kupewa watu 1998, na 2001 Marekani wakaipitisha. Kila hatua hapo kuna mgonjwa alinyoosha mkono akatolewa damu, na wale wa kwanza wengi hawakufaidika na lolote. Mimi ndio nimekula matunda yao. Kijana akitaka kutoa, asikatazwe kwa sababu ya uoga wa wengine, ni mtu mzima.

BintiUmoja
Asanteni jamani, mmenipa moyo. Nimerudia fomu, kweli ni sampuli tu, na kuna ya Kiswahili, sema hatukuwa tumeulizia. Kuna mahali pa kuchagua ndio ama la, kwamba damu itakayobaki iwekwe kwa friza kwa utafiti wa baadaye na inaweza kupelekwa nje ya nchi. Hapo ndio mama amewaka zaidi. Na uboho, ni kweli inauma vile watu husema?

Labu_Mtaani
Nianze na uboho. Analala kwa ubavu, wanadunga ganzi nyuma ya nyonga, ganzi yenyewe inachoma kidogo, halafu sindano nene inaingia kwa mfupa na hapo anasikia tu kusukumwa. Mahali pa uchungu ni pale wanavuta, ganzi haifiki ndani ya mfupa, ni sekunde chache lakini zinashika mguu wote. Sasa uliza hivi, wanachukua wakati mmoja na ule uboho daktari anahitaji kwa matibabu, ama wanataka kumdunga siku ingine kwa ajili yao? Kama ni sindano moja, hakuna shida kubwa. Na sisitiza mvuto wa kwanza uende kwa hospitali, sababu ule wa kwanza ndio mzuri wa kusoma kwa slaidi, unaofuata huwa umechanganyika na damu. Utafiti wachukue wa pili. Hiyo watu wengi hawajui kuuliza.

Kuhusu kupelekwa nje, si lazima akubali yote. Anaweza kusema ndio kwa damu ya sasa na la kwa friza na ndege, na bado ashiriki. Mama ana sababu ya kuuliza nani atafaidi. Historia ya limfoma yenyewe iko hapa kwetu Afrika Mashariki, Denis Burkitt aliandika 1958 kuhusu watoto wa Uganda wenye uvimbe wa taya, vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Hicho kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Jambo kubwa kwa dunia nzima, na jina la mtoto aliyetoa halitajwi popote kwenye jina la kirusi. Kwa hivyo swali la mama ni la haki, mwambieni aje nalo kliniki aulize mbele ya mtafiti. Siku hizi sampuli zinazopelekwa nje ya nchi zinahitaji mkataba wa maandishi, na taarifa za afya zinalindwa na sheria ya 2019 ya ulinzi wa data.

Na ile fomu angalia muhuri wa kamati ya maadili, uwe na tarehe na usiwe umeisha muda, na namba ya simu ya kamati, si ya mtafiti peke yake. MamaK, hiyo namba ya kamati ndio mngepiga, na bado mnaweza.

Sista_Rongai
Mimi ni nesi, naongeza tu. Akikataa ama akijitoa katikati, matibabu yake hayaguswi, na hiyo iko kwenye fomu, msomeeni mama kwa sauti. Vipimo vya utafiti msilipie hata shilingi, na muulize kama nauli inarudishwa.

Lakini dada, kuna kitu kinanisumbua kuliko fomu. Kama kwa kemo yake kuna rituximab, ile dawa inashika alama ya CD20 kwa karibu seli B zote, mbaya na nzuri, kwa hivyo kinga yake itakuwa chini kwa miezi mingi hata baada ya kumaliza. Hakikisheni amepimwa hepataitisi B kabla ya kuanza, sababu kama kirusi kimelala kwa ini hiyo dawa inaweza kukiamsha. Na nunueni thamomita. Akifika 38 baada ya kemo msingoje asubuhi, mnaenda hospitali usiku huohuo, utafiti ama hakuna utafiti.

BintiUmoja
Hepataitisi sijaona kwa karatasi zake, kesho naulizia mapema. Nimemsomea mama hiyo sehemu ya kujitoa, amenyamaza kisha akasema atakuja Alhamisi aongee na huyo dada mwenyewe. Mdogo wangu anasema ya friza ataweka hapana kwa sasa, akishaelezwa zinaenda wapi atafikiria. Labu, swali la mwisho, kwa nini wanataka damu lazima iwe asubuhi?

Labu_Mtaani
Seli za kinga huhesabiwa zikiwa hai, zinapita moja moja mbele ya mwanga wa leza, na damu ikilala zinaanza kufa na hesabu inaharibika. Ikitolewa asubuhi inafanyiwa kazi siku hiyohiyo. Na anaweza kunywa chai kabla aende, isipokuwa wamesema kuna kipimo kingine cha kufunga.

MamaK_Kayole
Ile karatasi ya shangazi bado iko nyumbani. Naenda kuitafuta hiyo namba.