Nitatambuaje swichi za kibodi ya mtumba kabla sijalipa?

Mchapaji, Kigoma

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, na kutwa nzima ninachapa barua, mikataba ya viwanja na maombi ya kazi. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam ananiuzia kibodi ya mtumba anayosema ni ya kimakanika, yaani kila kitufe kina swichi yake chini, nazo ni swichi za bluu. Mwaka jana nililetewa nyingine kwa maneno hayohayo, na nilipoing'oa vitufe nikakuta chini yake mpira mtupu, hakuna swichi. Kwa kuwa mzigo unakuja kwa basi nami siwezi kuushika kwanza, nimtake anipigie picha ya nini hasa?

Fundi kompyuta, Tabora

Pole kwa hasara hiyo. Mwambie ang'oe kofia ya kitufe kimoja, tuseme cha herufi G, kwa kuivuta wima kwa waya wa klipu ya karatasi. Asiguse kile kirefu cha nafasi, maana chini yake kuna waya wa kusawazisha unaopinda upesi. Kisha apige picha ya karibu kutoka juu, mwanga ukitokea ubavuni. Shina, yaani kile kijiti kinachoshika kofia, likiwa la msalaba na limesimama katikati ya kisanduku cha plastiki, ni la Cherry MX, swichi ya Kijerumani ya miaka ya 1980, au la mojawapo ya zilizoiiga, ndiyo maana usome na jina la mtengenezaji lililo juu ya kisanduku: Cherry, Gateron, Kailh au Outemu. Kwa Cherry, shina jekundu hushuka bila kikwazo kwa nguvu ya takriban gramu 45. Jeusi hushuka vivyo hivyo lakini hudai takriban 60, na kwa mtu anayechapa kama wewe tofauti hiyo vidole huijua kabla ya jioni. La kahawia lina nundu ndogo njiani, na la bluu lina nundu pamoja na mlio.

Mwalimu, Kigoma

Naomba niongeze, kwa sababu ndilo lililoniponza mimi pia: rangi peke yake si ushahidi. Zipo kibodi za mpira zilizowekewa shina la msalaba lenye rangi ya kuvutia. Tazama kingo: swichi ya kweli ni kisanduku kinachojitegemea, kilichopachikwa katika tundu lake, ilhali ile ya mpira shina lake hupita katika bomba lililoumbwa pamoja na bamba lote. Mwombe pia akurekodie sauti akibonyeza polepole sana. Swichi ya bluu hulia katikati ya mwendo, kabla kitufe hakijafika chini.

Mchapaji, Kigoma

Ahsanteni sana. Picha imefika: shina ni jeupe, tena si msalaba, bali ni mstatili wenye ufa juu yake.

Fundi kompyuta, Tabora

Basi si ya bluu kama alivyokuambia. Hilo ni umbo la swichi za Alps, za Kijapani, ambalo nalo liliigwa na wengine. Ni swichi nzuri, lakini kofia za msalaba hazitaingia, kwa hiyo hakikisha hakuna hata moja iliyovunjika. Kabla ya kutuma pesa, akuonyeshe kwa video akibonyeza kila kitufe mara moja moja. Herufi ikijirudia mara mbili, mguso wa swichi hiyo umechakaa au umeingiwa na vumbi.

Mchapaji, Kigoma

Nimemwandikia sasa hivi. Bei aliyotaja ilikuwa ya swichi za bluu, kwa hiyo tutaanza kuelewana upya.