Ushauri: wakili mpya kutoka Lamu, nihamie Malindi, Mombasa au Nairobi?

Binti wa Mkomani aliandika:

Assalaam aleikum nyote. Niliapishwa kuwa wakili mwaka huu, na kwa sasa niko nyumbani Lamu. Nimepata nafasi tatu za kuajiriwa katika ofisi za mawakili, moja Malindi, moja Mombasa na moja Nairobi, na zote zinataka jibu kabla ya mwezi huu kwisha. Naomba ushauri wa watu waliofanya kazi katika miji hiyo, hasa wanaoijua kazi yenyewe ya sheria.

Kubaki Lamu kungenifurahisha, lakini kwa sasa haiwezekani. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili hakimruhusu wakili mpya kufungua ofisi yake mpaka awe amefanya kazi ya kuajiriwa kwa miaka miwili mfululizo, ama serikalini, ama chini ya wakili aliyeendesha ofisi yake mwenyewe kwa muda usiopungua miaka mitano. Ofisi za mawakili hapa kisiwani ni chache, na zile nilizozibishia hodi zimeniambia hazina nafasi.

Nia yangu ni kurudi. Nataka kufanya kesi za ardhi, mirathi na fidia katika mji huu. Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari, mimi nilikuwa bado masomoni, na niliwaona wajomba zangu, ambao ni wavuvi, wakihangaika kumtafuta mtu wa kuwasomea karatasi na kuwaeleza maana yake. Kazi hiyo ndiyo ninayoitaka.

Nairobi watanilipa shilingi 70,000 kabla ya makato, Mombasa 50,000, Malindi 38,000. Mama yangu atabaki na mdogo wangu aliye sekondari, naye angependa niende Malindi kwa kuwa ni karibu. Wajomba wanasema Nairobi ndiko kwenye majina makubwa. Mimi mwenyewe sijui nipime kwa kipimo gani.

Mlamu wa South C alijibu:

Wa aleikum salaam, dada. Kazi yangu ni uhasibu, kwa hiyo nitazungumzia pesa na kuwaachia wengine sheria. Usiilinganishe mishahara hiyo kabla hujaondoa makato. Katika 70,000, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 ni shilingi 1,925, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 1,050, na NSSF, yaani akiba ya uzeeni, ya asilimia 6 ni 4,200. Hizo ni 7,175 kabla hujafika kwenye kodi ya mapato, ambayo viwango vyake hupanda kadiri mshahara unavyopanda, kwa hiyo pengo kati ya Nairobi na Malindi hupungua pesa inapofika mkononi. Mwenye nyumba naye atataka amana ya mwezi mmoja pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, na nauli ya matatu hupanda mvua inaponyesha.

Sikukatishi tamaa na Nairobi. Mahakama ya Juu iko hapa, Baraza la Rufaa za Kodi liko hapa, na kesi kubwa za biashara husikizwa pale Milimani. Kwa anayetaka kuwa wakili wa mabenki na makampuni, ningemwambia apande basi kesho. Lakini katika maelezo yako yote sikuona benki wala kampuni. Ukiamua kuja licha ya hayo, tafuta nyumba South C au Eastleigh, ambako misikiti iko karibu na watu wa pwani si wageni, na ujitayarishe kwa baridi ya mwezi wa Julai, kwa sababu mtu aliyekulia Lamu huiona kali kweli.

Karani Mstaafu, Tudor, alijibu:

Mwanangu, nilifanya kazi masijala ya mahakama hapa Mombasa mpaka nikastaafu, na mawakili wachanga waliopita mbele ya dirisha langu ni wengi. Nilichokiona ni kwamba aliyeanza katika ofisi ambamo anapewa jalada lake mwenyewe, akalifuata tangu siku ya kufunguliwa mpaka hukumu, alikuwa mtu mwingine kabisa baada ya mwaka mmoja, na aliyekuwa akitumwa tu kuomba kesi iahirishwe alibaki vile vile.

Mombasa ina mambo ambayo Malindi haina kwa wingi huo. Kesi za meli, kwa mfano meli kukamatwa kwa ajili ya madeni au mishahara ya mabaharia, hufunguliwa zaidi hapa kwa sababu bandari iko hapa. Lamu nayo sasa ina bandari, na gati ya kwanza ilianza kazi Mei 2021, kwa hiyo elimu hiyo haitakupotea. Tume ya Wakfu, inayosimamia mali za wakfu, iko Mombasa pia, na mtu anayetaka kushughulikia mirathi katika mji wa Waislamu ni lazima aijue njia ya kwenda kwenye tume hiyo kama anavyoijua ya kwenda kwa Kadhi. Halafu kuna nyumba bila ardhi, ambapo kuta na paa ni za mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Watu huishi hivyo kwa amani miaka na miaka, mpaka mwenye kiwanja afariki au auze, na hapo ndipo wajukuu wa pande zote mbili hukutana mahakamani.

Wakili wa Malindi alijibu:

Dada yangu, na mwenzangu katika taaluma, nimefanya kesi za ardhi Malindi na Kilifi kwa muda mrefu, na kwa lengo ulilolitaja siwezi kukuficha kwamba mji huu hufundisha ardhi kuliko miji mingine miwili.

Sababu yake ni ya zamani. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka waliodai ardhi binafsi katika ukanda wa maili kumi wa mwambao wajitokeze na kuthibitisha madai yao, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakilima hawakupata habari, au hawakuwa na karatasi ya kuonyesha, na wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota leo kwenye mashamba ambamo babu zao wamezikwa. Juu ya hayo kuna Waitaliano na wageni wengine wenye nyumba hapa. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 hakimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodishwa kwa muda usiozidi miaka 99, kwa hiyo kila nyumba ya mgeni inapouzwa, wakili ana jambo la kuchunguza kabla mteja hajatoa pesa. Ukirudi Lamu utayakuta maswali hayo hayo Shela.

Na kuna elimu isiyopatikana ofisini. Mahakama inapokwenda kuliona shamba lenye mgogoro, wewe utatembea na mpima ardhi mkitafuta mawe ya mpaka ndani ya vichaka vya minyaa. Ramani inaonyesha kona, lakini jiwe halionekani. Mzee mmoja anasema lilikuwa chini ya mkorosho ule pale, mwingine anaonyesha mnazi ulio mbali na hapo, na kila mmoja anamtaja aliyeupanda. Ukiwa na mwalimu mzuri, atakunong'oneza maswali ya kuuliza: nani aliupanda, mwaka gani, nani amekuwa akiangua nazi zake, na ulipokatwa nani alilipwa. Majibu hayo ndiyo ushahidi, na mara nyingi ndiyo yanayoamua kesi ambayo hati zake zimepotea.

Wala usiogope kwamba utajifungia katika mji mdogo. Mahakama Kuu ipo Malindi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo, na Mahakama ya Rufaa hukaa hapa. Tangu Machi 2024 majalada hufunguliwa kwa mtandao katika mahakama zote nchini, na kesi nyingi za kutajwa tu hufanyika kwa video.

Hata hivyo, mwajiri wako si mji, ni wakili mmoja mwenye jina na tabia zake. Kabla hujajibu ofisi yoyote, muulize mwenyewe kwa heshima ni mwaka gani alianza kuendesha ofisi yake, kwa sababu kifungu ulichokitaja kinahesabu miaka yake pia. Muulize nani atakayezisoma na kuzisahihisha rasimu zako, na kama utasimama mbele ya hakimu au utakuwa ukibeba majalada. Atakayeudhika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu.

Mama wa Shela alijibu:

Binti yangu, kuhusu mama yako. Karibu ya kwenye ramani isikudanganye. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalipoikata barabara ya Garsen, aliyekuwa Malindi na aliyekuwa Mombasa walikwama pamoja. Mama yako akikusikia kila jioni kwenye simu, na akijua mdogo wako karo yake imelipwa, atatulia popote ulipo. Zungumza naye juu ya lengo lako kama ulivyotuandikia sisi.

Binti wa Mkomani aliandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na ahsanteni sana. Nimezipigia simu ofisi zote tatu. Mwenye ofisi ya Malindi iliyonipa nafasi, si wakili aliyenijibu hapa, alinipokea kwa wema mkubwa na kunieleza kila kitu, lakini ameendesha ofisi yake kwa miaka minne tu. Ina maana nikianza kwake sasa, siwezi kuwa na hakika kwamba kazi yangu itahesabiwa, nami ningeweza kumaliza miaka miwili nikiambiwa nianze upya kwingine. Ofisi ya Nairobi wameniambia nitawekwa kwenye mikopo ya benki. Wakili wa Mombasa ana zaidi ya miaka kumi, anazo kesi za ardhi mpaka Kilifi, na amekubali kuandika katika barua ya ajira kwamba nitapewa majalada ya ardhi na mirathi na kwamba yeye mwenyewe atasahihisha rasimu zangu. Nimezungumza na mama, na ameridhia. Naelekea kuichagua Mombasa, isipokuwa kama kuna jambo sijaliona.

Wakili wa Malindi alijibu:

Umefanya vyema kuuliza mapema. Nilikuvutia upande wa Malindi, lakini kwa hali hiyo nami ningekwenda Mombasa. Hakikisha kupitia tovuti ya Chama cha Mawakili kwamba leseni ya mwajiri wako ni ya mwaka huu, na yako ichukuliwe tangu mwezi wa kwanza wa kazi, kwa sababu miaka miwili huhesabiwa baada ya kupata leseni ya kwanza, si tangu siku ya kuapishwa. Kesi zake za Kilifi zikifika Malindi, omba uje nazo, na ukifika unitafute mahakamani.

Karani Mstaafu, Tudor, alijibu:

Karibu Mombasa, mwanangu. Ofisi nyingi za mawakili ziko kisiwani, kwa hiyo usipange nyumba ng'ambo ya Likoni, maana utazimalizia asubuhi zako kwenye foleni ya feri. Tafuta chumba Tudor au Majengo, na kabla hujatoa amana uliza maji huja siku gani na kama kuna tangi. Usimlipe dalali kabla hujaingia ndani ya nyumba na kumwona mwenye nyumba.