Mashirika mawili ya umma ya reli katika jiji moja: yashindane au yaunganishwe?

MwanafunziWaUchumi:
Assalamu alaykum wanaukumbi. Katika somo la mashirika ya umma tumeshindwa kuafikiana darasani juu ya jambo hili. Jiji linapokuwa na mashirika mawili ya reli, na yote ni mali ya serikali, je, kuna faida ya kweli kuyaacha yashindane, au ni bora yaunganishwe? Baadhi yetu wanasema shirika lisilo na mshindani hulala. Wengine wanajibu kuwa serikali kushindana na nafsi yake ni kupoteza fedha za walipa kodi, kwani kila shirika litataka bodi yake, karakana yake na idara yake ya uhasibu. Najua kwetu Unguja hakuna reli tangu ile ya Bububu ya zama za ukoloni, lakini ningependa kusikia kutoka kwa wenye ujuzi, khasa kwa mifano ya miji iliyokwishajaribu.

MaalimWaKikwajuni:
Wa alaykumu salaam, mwanangu. Kabla ya kuchagua upande, uliza kwanza mashirika hayo yanashindania nini. Daladala mbili za njia moja hugombea abiria yule yule katika kituo kile kile. Reli haziko hivyo, kwa sababu anayekaa kando ya njia ya shirika moja mara nyingi hana namna ya kupanda treni ya shirika la pili. Mshindani wake halisi ni basi na gari binafsi.

Tazama Tokyo, yenye mashirika mawili ya reli za chini ya ardhi. Toei ni idara ya serikali ya jiji, na Tokyo Metro ilikuwa mali ya serikali kuu pamoja na jiji hilo hadi Oktoba 2024, zilipouza nusu ya hisa zao sokoni. Katika stesheni ya Kudanshita, treni za pande hizi mbili zilisimama kwenye jukwaa moja lililogawanywa na ukuta katikati. Abiria aliyetaka kubadilisha treni alipanda ngazi, akatoka katika geti la shirika moja, akaingia katika geti la jengine, kisha akateremka tena, ilhali treni aliyokuwa akiifuata ilikuwa hatua chache tu nyuma ya ukuta ule. Ukuta ulibomolewa mwaka 2013 bila ya mashirika kuunganishwa, ila nauli zimebaki mbili, na anayebadilisha hupunguziwa yen 70 tu. Jiji lilitaka muungano. Serikali kuu ikasita kwa sababu Toei ilikuwa na mzigo mkubwa wa madeni, na hakuna mwenye hisa anayependa kurithi deni la mwenzake.

BintiMkunazini:
Maalim, kwa heshima zote, Hong Kong inapunguza uzito wa hoja yako. Reli hazigombei abiria, sawa, lakini zinaweza kugombea haki ya kujenga. Mwaka 2002 serikali ilishindanisha mashirika mawili ya reli, MTR, ambalo serikali ndiyo yenye hisa zake nyingi, na KCRC, ambalo ni mali ya serikali yote, kwa njia ya kutoka Sha Tin hadi Central, na KCRC ikashinda. Baada ya muungano wa tarehe 2 Desemba 2007 mradi ule ulikwenda kwa MTR, na hapakuwa tena na shirika la pili la nyumbani la kulinganisha nalo michoro na gharama zake. Sehemu ya kuvuka bandari ilifunguliwa Mei 2022.

Ni haki kutaja kuwa nauli zilishuka siku ile ile ya muungano. Tena, kisheria si muungano kamili: KCRC ingalipo na inamiliki reli zake, na MTR huziendesha kwa mkataba wa miaka 50, ikilipa dola za Hong Kong milioni 750 kwa mwaka pamoja na sehemu ya mapato.

MtuWaWete:
Ndugu zangu, mfano uko hapo ng'ambo tu. Mwaka 2012 treni za mjini za Dar es Salaam zilianza kwa mashirika mawili ya umma: TRL, kampuni ya reli ya Tanzania, kati ya Stesheni na Ubungo, na TAZARA, shirika la reli ya Tanzania na Zambia, hadi Mwakanga. Baadaye TRL na RAHCO, kampuni iliyomiliki miundombinu ya reli, ziliunganishwa kuwa Shirika la Reli Tanzania (TRC) kwa sheria ya 2017, lakini TAZARA ni mali ya nchi mbili, ikabaki nje. Na hata bodi zingeunganishwa, reli ya zamani ya TRC ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA 1,067. Behewa la moja halipiti kwa nyengine.

MaalimWaKikwajuni:
Bi Mkunazini, hoja ya zabuni ni nzito, na mwanafunzi wetu asiiache. Lakini Seoul inaonesha upande mwengine. Huko abiria alikwishazoea kuhama baina ya njia za mashirika mawili bila kulipa upya, kwa hivyo nauli haikuwa sababu ya kuyaunganisha tarehe 31 Mei 2017. Wafanyakazi wa shirika moja waliukataa mpango huo mapema mwaka 2016. Mwezi wa Mei mwaka ule ule kijana wa miaka 19, aliyeajiriwa na kampuni ya mkataba, aligongwa na treni akitengeneza mlango wa jukwaa katika stesheni ya Guui, na mazungumzo yakafufuliwa huku suala la usalama likiwa mbele. Kwa hivyo, mwanangu, katika insha yako anza na hesabu za matengenezo kabla ya zile za nauli, kwa sababu shirika la umma linalotakiwa lionekane limepunguza gharama kuliko mwenzake hukata kwanza pale abiria asipopaona.