Tupeane uzoefu: samaki wazazi wakiugua ndani ya tangi, uliugunduaje ugonjwa na ulitibu kwa kitu gani?

Mfugaji wa Nyegezi
Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, hasa mlioko Mwanza na mwambao wote wa Ziwa, nimefungua mada hii baada ya kumwona kijana mmoja pale Kirumba akimwaga unga wa dawa ya kuku ndani ya tangi la gapi kwa sababu tu samaki walikuwa wakijisugua kwenye mawe. Samaki anayejisugua hajasema anaumwa nini. Inaweza kuwa vimelea, inaweza kuwa klorini ya maji ya bomba, inaweza kuwa amonia, yaani sumu itokanayo na uchafu wa samaki wenyewe, na kila kimoja kina tiba yake. Wenye wazazi wa kuzalisha, elezeni mliyoyaona kwa macho yenu.

Mama Vifaranga, Igoma
Mada imenigusa. Kwangu ugonjwa usiokosa mwaka ni madoa meupe, na huja mwezi wa sita na wa saba, wakati tangi lililo karibu na dirisha linapopoa usiku na samaki wakaamka wamebana mapezi. Kimelea kikiwa chini ya ngozi ya samaki, dawa haikipati. Hukomaa, huanguka sakafuni, hugawanyika, na ni wale wachanga wanaotoka kutafuta samaki mwingine ndio wanaokufa kwa dawa, kwa hiyo anayetia dawa mara moja na kuacha atayaona madoa tena, tena mengi zaidi. Mimi hutumia chumvi, gramu 2 hadi 3 kwa lita, nikiiyeyusha kwanza pembeni, na hupandisha joto taratibu hadi nyuzi 30 huku nikiongeza pampu ya hewa, maana maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Siachi mpaka wiki nzima ipite bila doa jipya.

Sato wa Ilemela
Nakuunga mkono, Mama. Chumvi kwanza, mengine baadaye.

Hadubini
Kwa heshima zote, Mama, ushauri wa joto uwekewe mpaka. Kuna ugonjwa wa bakteria unaoleta utando wa kijivu mdomoni na mgongoni, na watu wengi huuita kuvu kwa sababu unafanana na pamba. Bakteria hao hustawi kwenye joto. Ukipandisha hadi nyuzi 30 samaki mwenye utando huo, unaweza kumkuta amekufa kesho yake asubuhi.

Mama Vifaranga, Igoma
Nimezungumzia madoa, sikuzungumzia utando. Soma vizuri kabla ya kusahihisha watu wazima.

Hadubini
Nimesoma, Mama, na sikukusudia kukukosea adabu. Nasema kwa ajili ya mgeni ambaye hajawahi kutofautisha viwili hivyo. Doa la kimelea ni punje iliyojitenga, yenye duara, mara nyingi kwenye mapezi na mwilini. Utando wa bakteria hauna umbo, kingo zake hufifia, na midomo huanza kulika.

Mlezi wa Furu, Capri Point
Naomba niandike kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili bado linaniuma.

Nilikuwa nazalisha furu wa mawe, samaki wadogo wa asili wa Ziwa Victoria, wale ambao kwa jina la kitaalamu ni Pundamilia nyererei, wote wakiwa kizazi cha tangini. Mnajua jike wa furu akitaga huyaokota mayai papo hapo na kuyaatamia mdomoni kwa takribani wiki tatu, asile au ale kidogo sana. Majike kadhaa walikuwa wameatamia kwa wakati mmoja, taya zimejaa, nami nikalazimika kwenda Sengerema msibani. Nyuma yangu akaja fundi wa kusafisha. Aliosha sponji zote za chujio chini ya bomba mpaka zikatakata, na nyumbani wakanipigia simu kunieleza jinsi tangi lilivyopendeza.

Niliporudi, nilikuta samaki wote wamepanga midomo juu ya maji, wanahema upesi, matamvua yamewaka wekundu. Sikuona doa wala utando. Dume, ambaye kwa kawaida hung'aa manjano na wekundu, alikuwa amepauka kiasi cha kufanana na majike. Muuzaji dawa niliyempigia alisema, bila kuuliza lolote, kwamba hao ni bakteria na nitie oksitetrasaiklini haraka. Nilikataa. Ugonjwa wa kuambukiza huanza kwa mmoja, ukafuata wa pili. Tangi zima likihema kwa saa ileile, wa kutuhumiwa kwanza ni maji. Nikaazima kipimo cha amonia kwa jirani anayefuga sato bwawani. Maji ya kichupa yaliyotakiwa kubaki manjano yaligeuka kijani kilichokolea hapo hapo. Wale bakteria wema wanaogeuza amonia kuwa nitraiti, kisha naitreti, makazi yao yalikuwa zile sponji, na klorini ya bomba ilikuwa imewamaliza. Kibaya zaidi, maji yetu ya ziwa huelekea upande wa alkali, na kadiri maji yanavyokuwa na alkali na joto ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu.

Nilipokuwa bado nimeshika kichupa, jike mkubwa akaanza kutema. Walitoka wachanga wenye macho na mkia, kila mmoja akiburuta kifuko cha kiini cha manjano kilicho kikubwa kuliko kichwa chake, na samaki wengine, pamoja na kuzidiwa kwao, wakawafuata kuwala. Nililowesha mkono, nikamkamata jike, nikamwinamisha juu ya bakuli la maji mazuri na kuushusha mdomo wake wa chini kwa ncha laini ya plastiki mpaka waliobaki wakamiminika. Nikafanya hivyo kwa kila jike. Wachanga niliwaweka kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa kitako, nikaigeuza na kupitisha mrija wa hewa chini ili mapovu yawageuze polepole kama mdomo wa mama yao unavyofanya, pamoja na dawa ya rangi iitwayo methilini bluu kidogo, maji yawe na rangi hafifu tu, kuzuia kuvu wa mayai yaliyokufa.

Wakubwa niliwabadilishia sehemu ya maji kila siku kwa maji yaliyolala ndooni yakipigwa hewa, nikasitisha chakula, nikatia chumvi kidogo ili kupunguza sumu ya nitraiti niliyojua inafuata, na rafiki akanipa sponji chafu, yenye bakteria wema, kutoka tangi lake lenye afya. Wachanga wengi walipona. Dume alikufa usiku uleule, nami nililia. Tangu sangara alipopandikizwa ziwani miaka ya 1950 na kushamiri miaka ya 1980, aina nyingi sana za furu zimetoweka. Mtu aliyebahatika kuwatunza hawezi kuwachukulia kuwa pambo la sebuleni.

Sato wa Ilemela
Pole sana, ndugu yangu. Hiyo ya chupa nimeinakili.

Mfugaji wa Nyegezi
Pole sana. Sponji isuuzwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, si bombani, wala zisisuuzwe zote siku moja.

Kijana wa Buzuruga
Naomba kutofautiana kidogo na wanaolaani dawa za mifugo. Gapi zangu zilikuwa zinakonda huku matumbo yamejaa, na nilipoangalia kwa tochi samaki akiwa ametulia niliona nyuzi nyekundu zimechomoza kwenye tundu la haja na kurudi ndani akishtuka. Hiyo ni minyoo, na chumvi haiifanyi kitu. Levamisoli, dawa ya minyoo ya duka la mifugo, ndiyo iliyowaokoa.

Hadubini
Hapo umepatia, lakini taja kipimo, la sivyo utaua samaki wa watu. Ni miligramu 2 za levamisoli kwa lita, kwa saa 24, taa zikiwa zimezimwa kwa kuwa mwanga huiharibu. Kisha fyonza uchafu wote wa chini, kwa sababu dawa huilegeza minyoo ikadondoka ikiwa bado hai, halafu rudia baada ya wiki mbili au tatu. Soma pia lebo, kwani baadhi ya chupa zimechanganywa na dawa nyingine.

Mgeni kutoka Bukoba
Shikamooni. Jike wangu wa goldfishi amevimba tumbo. Nitajuaje kama ni mayai au ni ugonjwa?

Mama Vifaranga, Igoma
Marahaba, mwanangu. Mwangalie kutoka juu. Magamba yakiwa yamelala na anakula vizuri, yawezekana ni mayai. Yakiwa yamesimama kila moja peke yake, maji yamejaa tumboni na viungo vya ndani vimeanza kushindwa kazi. Mtenge leo.

Sato wa Ilemela
Mlishe njegere iliyochemshwa na kumenywa, huenda ni choo tu.

Hadubini
Magamba yakiwa yamesimama, njegere haitasaidia. Pima amonia, mtenge kama Mama alivyosema, kisha tuwekee picha iliyopigwa kutoka juu.