Nikikojoa nasikia moto, nikapime au nimeze vidonge?

Msumbufu:
Wakuu, habari za humu. Jumamosi usiku nilikutana na dada mmoja kwenye sherehe, tukaishia kulala pamoja. Mpira tulivaa ila ulipasuka, tukaja kugundua tumeshamaliza. Leo Alhamisi. Tangu jana nikikojoa nasikia kama napitisha pilipili, na asubuhi nimekuta doa la kimanjano kwenye boksa. Kidonda sina, homa sina. Rafiki yangu ana vidonge vilivyobaki tangu mwaka jana, anasema nimeze viwili mambo yaishe. Mchumba wangu anarudi safari Jumapili. Hii haiwezi kuwa UTI tu? Majibu ya maana tafadhali, matusi nimeshajitukana mwenyewe.

Kipupwe:
Kunywa maji mengi mkuu, itatoka yenyewe.

Dada wa Maabara:
Haitatoka kwa maji. Pole mdogo wangu. Usaha na kuungua siku chache baada ya tendo, cha kwanza tunachowaza ni kisonono, ambacho kwa mwanaume mara nyingi hujionyesha ndani ya siku 2 hadi 5. Klamidia huchelewa zaidi, wiki 1 hadi 3, na vyote viwili vinaweza kuja pamoja. UTI kwa kijana wa kiume si ya kawaida kihivyo. Ila macho hayapimi, nenda kesho asubuhi. Usikojoe kwa saa moja au mbili kabla ya kutoa sampuli, na ukinge ule mkojo wa mwanzo, maana ndio unaosafisha mrija. Watu wanatuletea wa katikati, wadudu wameshaenda chooni.

Hivyo vidonge mrudishie mwenyewe. Kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani. Ukimeza nusu dozi usaha unaweza kukauka, wewe ukajiona umepona, kumbe wadudu wapo.

Babu Tena:
Mwenzenu amesahau VVU. Dawa za PEP, zile za kuzuia VVU visikushike baada ya tendo la hatari, huanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo kwako muda umepita tangu juzi usiku. Kapime hivyo hivyo, lakini jibu la kesho halisemi lolote kuhusu Jumamosi. Rudia baada ya wiki 6, kisha miezi 3. Na kaswende uiulizie: kidonda chake huweza kutokea wiki ya tatu hivi, hakiumi, kinapona chenyewe, na ugonjwa unabaki mwilini.

Msumbufu:
Asanteni sana, kesho naenda. Na huyu wa Jumapili je? Nimwambie naumwa tumbo?

Dada wa Maabara:
Tumbo litauma siku ngapi? Ukishatibiwa unakaa siku 7 bila tendo, hata kwa kondomu, tena dalili ziwe zimeisha. Kama hamjalala pamoja tangu Jumamosi, hujamwambukiza hiki, na hapo ndipo pa kushukuru. Utakachomwambia ni juu yako, ila mpaka kipimo cha miezi 3 kitoke, bila kondomu usimguse, na hiyo sijui utaielezaje kwa tumbo.

Yule dada wa sherehe, namba yake unayo? Mwandikie leo. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote, na kisonono kisipotibiwa kinaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi.

Msumbufu:
Ninayo. Naandika sasa hivi.