Eti "tatizo si gari, tatizo ni mazingira yako"! Hawa watengenezaji wa magari ya umeme walishawahi kufika Dodoma kweli?

Wakuu, habari za usiku. Mimi sijalala. Saa saba na robo nipo nje hapa Nkuhungu, nimevaa msuli, nimeshika jagi, namwagilia gari.

Hamjasoma vibaya. Namwagilia gari, kama mchicha.

Siwataji. Mnawajua. Wale wenye bango la mzungu anayetabasamu pembeni ya gari, nyuma yake majani mabichi mpaka unajiuliza ng'ombe wamekwenda wapi. Wale wa "unachaji ukiwa umelala, asubuhi unaamkia gari limejaa". Nikalipa, gari likapandishwa kutoka Dar mpaka huku juu ya lori la dizeli. Hapo ndipo nilitakiwa kushtuka. Gari linafika kwako limebebwa kama mgonjwa.

Sasa leo mchana kijana wao wa huduma kwa wateja kaniambia hivi: "Mzee, gari halina tatizo. Tatizo ni mazingira yako."

MAZINGIRA YANGU.

Halafu mzee ni nani? Nina miaka 38.

Ngoja niwape picha. Siku ya kwanza nachomeka, taa ya chaja nyekundu. Nachomoa, napuliza, nachomeka tena: nyekundu. Nikaita fundi, akapima, akacheka. Athi hakuna. Ile nondo ya ardhini ipo, imechimbiwa vizuri tu, ila udongo wa hapa ukishafika mwezi wa kumi ni unga, umeme ukitaka kuzama ardhini haupati njia. Na chaja ikikosa athi inagoma, ndivyo ilivyoundwa ili isije ikaua mtu. Hapo sibishi. Fundi akachimba shimo jipya, akashindilia nondo nyingine, akamimina mkaa na kilo mbili za chumvi, akajifuta jasho, akaniambia: "Bosi, hapa pawe pabichi muda wote."

Pabichi. Dodoma. Mwezi wa kumi.

Kwa hiyo ratiba yangu ni hii. Saa mbili usiku ndoo ya kwanza, taa inakuwa kijani, tunashangilia. Saa saba pameshakauka, nyekundu, naamka na jagi. Saa tisa tena. Nina mtoto wa miezi minne ndani, analala usiku kucha, raha mustarehe. Gari ndilo linaloamka kunyonya. Na maji yenyewe mtaani yanatoka kwa kudra za Mungu, kwa hiyo nanunua madumu. Muuza maji alidhani nina bustani, akaniomba nimkatie matembele.

Nikawapigia. Wakuu, nilipiga kwa adabu kabisa.

Kijana: Unalichajia ndani ya gereji?
Mimi: Gereji ya nini, halijaharibika.
Kijana: Hapana, gereji ya nyumbani.
Mimi: Mdogo wangu, mimi siyo fundi magari.

Dakika tano tunazunguka hapo na salio linakatika. Kumbe kitabu chao kinaamini kila mwenye gari ana chumba cha gari, na ukutani kuna soketi inayomsubiri. Yangu waya unatoka soketi ya friji, unapita dirishani, unavuka karo, ndipo unafika. Dirisha halifungi. Vumbi lote la Nkuhungu linalala sebuleni kwangu bila kulipa kodi. Na friji nalizima, maana kwa soketi ya kawaida betri ya uniti 40 inakula zaidi ya saa kumi na sita. Maziwa ya mtoto yanahamia kwa jirani.

Nikamweleza yote. Athi, chumvi, mkaa, jagi. Akanyamaza. Nikasikia anatafuna kitu, karanga nadhani. Akameza. Ndipo akasema. "Tatizo ni mazingira yako." Yaani alimeza kwanza!

Siku ya msiba Gairo hata sitaki kuigusa. Kilomita 300 kwa chaji moja waliyoniahidi iliishia Kibaigwa wakati wa kurudi, tukiwa watu watano na majogoo wawili, nikachajia kwenye mashine ya kusaga. Nilikaa pale muda wa saa nne nzima. Nilifika nyumbani mweupe mpaka mtoto akalia.

Mazingira yangu! Nimezaliwa humu! Wao ndio wamekuja!

Kandambili: Uzi bila picha ni chai. Weka picha ya jagi.

Sogea Tukae: Nimecheka mpaka wife kaamka. "Gari linaamka kunyonya". Mkuu hilo si gari, hilo ni mke mdogo.

Dizeli Milele: Tuliwaambia. Mimi na Hilux yangu ya babu, nikimaliza mafuta Mtanana namimina dumu, dakika mbili naondoka. Nyie endeleeni kupalilia.

Nyundo Baridi: Mimi fundi umeme. Fundi wako hajakosea, chumvi na mkaa ni dawa ya siku zote kwenye udongo mkavu. Ila nondo moja haitoshi, weka tatu, achanisha mita mbili tatu, unganisha kwa waya wa shaba, zamisha chini kabisa mpaka ukute ubichi. Hutamwagilia kila usiku. Na toa hiyo gari kwenye soketi ya friji, utachoma nyumba. Vuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye mainiswichi, na breka yake.

Halafu hizo kilomita 300 zinapimwa ndani ya chumba, gari liko juu ya rola, joto nyuzi 23. Hakuna jogoo wala Kibaigwa.

Mleta mada: Nyundo Baridi Mungu akuone. Umenisaidia kwa aya mbili, bure. Yule analipwa mshahara kuniambia mazingira yangu. Na alimeza kwanza.

Mpangaji Mstaafu: Samahani mkuu, swali la kizushi. Nyumba ni yako?

Mleta mada: Nimepanga. Nyumba nzima lakini.

Mpangaji Mstaafu: Na mita?

Mleta mada: ...tunachangia na mama mwenye nyumba, yeye yuko chumba cha uani.

Kandambili: HAHAHAHA. Gari la mamilioni, LUKU ya kuchangia.

Bi Zabibu: Huyo mama alikuwa kwenye ile bei ya uniti shilingi 100 ya watumiaji wadogo, siyo? Mwisho wake uniti 75 kwa mwezi. Gari lako likijaa mara mbili tu limeshazipita, mama wa watu anatupwa kwenye 292, zote hizo kabla ya kodi. Hapo mwenye kosa siyo mtengeneza gari, ni wewe mwanangu. Kamwombe radhi na kanga doti mbili.

Mleta mada: Kanga nilishapeleka. Akapokea. Kesho yake akachomoa gari akachomeka pasi.

Sogea Tukae: Tatizo ni mazingira yako mzee 😂😂

Mleta mada: Naomba mods wamfungie huyu.

Njia Panda: Tuwe na haki kidogo. Hata wenyewe hawajui wanachouza mpaka wakwame. Agosti 2023 bosi mkuu wa Ford, Jim Farley, aliendesha Lightning, pikapu ya umeme ya kampuni yake, kule California, akafika kituo cha chaji ya pole, akakaa dakika 40 akapata asilimia 40. Akakiri hadharani kwamba safari ilimfungua macho. Huyo ni bosi, nchi yenye vituo kila kona. Sasa mletee yule kijana wako hapa Nkuhungu mpe jagi.

Dizeli Milele: Yeye labda alipata na kahawa wakati anasubiri. Huyu wetu alipata pumba.

Mwanakibaigwa: Kumbe ni wewe! Mimi nilikuwa foleni na debe langu siku hiyo. Mwenye mashine alikuwa hajui akutoze kwa saa au kwa kilo. Na jogoo mmoja alikula dona ya watu, hujalipa mpaka leo.

Mleta mada: Nitalipa.

Treni ya Jioni: Gari la umeme linalofika Dar bila kumwagiliwa lipo, linaitwa treni ya SGR, tangu 2024. Nunua tiketi ulale.

Kandambili: Lala wewe. Mimi kutoka mjini mpaka stesheni bajaji alinitoza karibu na nauli ya treni. Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Treni ya Jioni: Ulipanda bajaji usiku na begi mbili, ulitaka akubebe kwa sadaka?

Njia Panda: Bwawa la Nyerere megawati 2,115, na bado kuna mtu nchi hii anachaji gari kwa chumvi ya kupikia. Wacha niishie hapo.

Bi Zabibu: Usiishie hapo, tuongelee wenye nyumba. Mimi wangu Chang'ombe kapiga marufuku jiko la umeme. Wali dakika kumi anakuja kusimama mlangoni anasikiliza mita inavyozunguka, na mita yenyewe ni ya vitufe, haizunguki.

Mpangaji Mstaafu: Afadhali. Wangu wa Kizota alipiga marufuku pasi. Nilikuwa nakwenda ofisini Mtumba nimekunjamana kama niliyetolewa kwenye kiroba. Siku moja nikapiga pasi saa nane usiku, nimefunika dirisha na blanketi. Asubuhi akanisalimia: "Shati limenyooka leo."

Sogea Tukae: 😂😂😂 ukajibuje?

Mleta mada: Jamani turudi kwenye gari. Taa imekuwa nyekundu tena hapa, nakwenda kuchota.

Kandambili: Gari gani tena? Mpangaji endelea, ukamjibuje?

Mpangaji Mstaafu: Nikamwambia nimelilalia.