Diski inatoa moshi, yeye anamwagia MAJI!

Kichwa Moto:
Wakuu, mnamjua fundi huyu. Jina sitaji, kila mwenye gari la mtumba keshapita mikononi mwake. Gurudumu la mbele linashika breki lenyewe, rimu haiguswi, harufu ya pedi inawafikia hadi waliolala, na mheshimiwa anachota ndoo anaimwagia diski MAJI. Tssss! Kisha anajifuta mikono: "Imepona hiyo."

Imepona nini? Diski yenye moto ukiipoza ghafla inapinda au inapata nyufa. Na ugonjwa uko palepale, kwa sababu jeki hakuigusa! Unanyanyua gurudumu, unakanyaga breki, unaachia, unalizungusha kwa mkono. Likigoma, fungua niplo ya kutolea upepo, ile skrubu yenye tundu kwenye kalipa (kibano cha pedi), robo mzunguko. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, presha ilinaswa: mara nyingi ni mpira wa breki, lile bomba la kupitisha mafuta, umevimba ndani, unapitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Likiendelea kugoma, hapo ni pistoni inayosukuma pedi, au pini ambazo kalipa inateleza juu yake. Dakika tano. Yeye kaona dawa ni ndoo!

Spana 14:
Pole mkuu. Ila ndoo haijai kwa sekunde moja. Muda wote huo ulikuwa unamshikia bomba?

Mama Jeki:
Huyo wa maji ana nafuu. Kuna yule mwingine, naye mnamjua, pini za kalipa anazipaka grisi nyeusi ya beringi. Grisi ile inavimbisha mipira, pini inakwama kuliko mwanzo. Pini zinataka grisi ya silikoni, tena kidogo. Ukijaza tundu, pini haizami yote. Na pini yenye kimpira nchani ina tundu lake, angalia ilikotoka kabla hujachomoa zote mbili.

Kichwa Moto:
Sawa dada, lakini wako hakumwaga MAJI.

Mzee wa Brashi:
Mnapigia kelele pini, masikio ya pedi, zile ncha zake mbili, hamyataji. Kutu inaota chini ya vibati vya kwenye braketi, fremu inayoshikilia pedi, inavisukuma juu, pedi inabanwa haitoki tena kwenye diski. Vua vibati, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Pedi iteleze kwa kusukumwa na kidole. Ukiona unahitaji nyundo, hujamaliza. Sijui kwa nini hili linawashinda watu wazima.

Spana 14:
Na wanaopiga msasa pistoni yenye vishimo vya kutu? Ile sili ya mraba, pete ya mpira inayoizunguka pistoni, ndiyo inayoivuta pistoni irudi kidogo ukiachia pedali. Inataka uso laini, ikikuta mashimo inaliwa. Badilisha pistoni na sili zake, vumbi-buti pia, ule mpira wa kuzuia vumbi.

Kichwa Moto:
Ndoo, wakuu. NDOO.

Mama Jeki:
Tumesikia. Mimi namtaka anayesukuma pistoni ya nyuma kwa klampu. Nyingi zenye handibreki ya kebo ndani ya kalipa zinarudi kwa kuzungushwa. Ukisukuma kwa nguvu, unavunja nyuzi za ndani, halafu unaambiwa kalipa "ilikuwa mbovu tangu zamani".

Mzee wa Brashi:
Afadhali huyo. Kuna aliyejaza mafuta ya usukani kwenye kikopo cha breki. Sili zote zinavimba, kuanzia masta silinda, pampu kuu ya breki, hadi magurudumu manne, na kila kitu chenye mpira kinabadilishwa.

Spana 14:
Breki ikishachemka hivyo, mafuta yamwagwe yote. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230, yakishanyonya unyevu kiwango kinashuka hadi 155. Mimi nikiweka, naweka DOT 5, namba kubwa.

Mama Jeki:
Lo! DOT 5 ni silikoni, haichanganyiki na 3 wala 4. Unayoitafuta ni 5.1.

Spana 14:
Nukta moja ndiyo ya kunigombezea?

Kichwa Moto:
Na maji je?

Mama Jeki:
Nukta hiyo hiyo. Kaitoe hiyo DOT 5 kabla hujakanyaga pedali.